Piano ya Vulamba, Violonseli ya Mulekera

Mtu akikuambia kwamba Butembo haina piano, muulize kama amewahi kuingia kwenye ukumbi wa parokia ile ya Vulamba. Iko pale kwenye kona, nyuma ya viti vya plastiki vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, nyeusi, nzito, imezeeka vibaya. Mapadri wazungu waliileta kwa lori wakati barabara ilikuwa bado inaitwa barabara. Wazungu wakaenda, wengine kwao, wengine makaburini, piano ikabaki na unyevu wake. Vibao vya chini kabisa havilii tena, kingine ukikigusa kinalia halafu hakitaki kunyamaza, na panya walishazaa humo ndani zaidi ya mara moja. Lakini piano ni piano. Na mtu wa kuipiga alikuwepo: Kavuo Solange, ambaye mtaani kila mtu anamwita Mama Bénite kwa jina la binti yake.

Usidhani alikuwa mtu mkubwa, kwa jinsi Butembo inavyopima wakubwa wake. Hakuwa na duka, hakuwa na kontena linalomjia kutoka Dubai, hata pikipiki hakuwa nayo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwembamba, mwenye ulimi wa kukata. Alizaliwa Lubero, kule juu kwenye baridi, kwa watu wa viazi. Sista mmoja wa misheni alimsikia akiimba huku akimenya viazi vya jikoni kwao, akamshika mkono, akamkalisha mbele ya kinanda. Baba yake hakupendezwa hata chembe.

"Hii kinanda inapikwaka?" mzee aliuliza, na nyumba nzima ikacheka.

Kavuo hakujali, akaendelea kwenda. Asubuhi za Lubero vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo sista alikuwa anampa kikombe cha maji moto, si ya kunywa, ya kushika tu, mpaka mikono ipate uhai. Ndipo waanze. Na jambo moja alimfundisha kuliko mengine yote: kufuata. Kinanda cha kanisa hakiongozi, sista alimwambia, kinawasindikiza wanaoimba. Waumini wakikawia, kawia nao. Padri akikohoa katikati ya sala, ngoja amalize kukohoa. Kavuo alilishika neno hilo, na kwa misa zote alizopiga hakuna kwaya iliyowahi kumlaumu. Walimpenda kwa sababu hawakumsikia.

Aliolewa Butembo na mtu mpole aliyefanya biashara ndogo ya mafuta ya mawese. Siku moja mume huyo alienda Beni kuchukua mafuta, na kwenye kurudi gari lao likasimamishwa na watu ambao mpaka leo redio inawaita wasiojulikana. Basi, ndiyo hivyo. Bénite alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Tangu siku hiyo Kavuo hakupanda tena gari la kuelekea Beni, si kwa arusi, si kwa mazishi. Watu wa ukoo walimsema mpaka wakachoka wenyewe.

Sasa huko Beni, kwenye mtaa wa Mulekera, alikuwepo mtu mwingine mwenye ugonjwa uleule. Jina lake Ananie Kitsa, mwalimu wa hesabu, mrefu, wa maneno machache. Yeye aliachiwa violonseli na padri mmoja mzee. Violonseli ni ile fidla kubwa ambayo mtu anakaa kwenye kiti na kuibana kati ya magoti. Mulekera wanaiita "mama ya violon", na majirani walipoisikia mara ya kwanza walikuja kuuliza ni ng'ombe gani anaumwa. Upinde wake unataka nywele za mkia wa farasi, na farasi wa Beni ni yule wa kwenye picha za Biblia tu, kwa hiyo Ananie alifunga uzi wa kuvulia samaki. Padri mzee alikufa kabla ya kumaliza kumfundisha. Alimwachia kaseti, na Ananie akajifunza yaliyobaki kwa kupiga sambamba na kaseti, mpaka kaseti ikaliwa na redio.

Walikutana mara moja. Ilikuwa sikukuu ya dayosisi mjini Butembo, enzi mtu alikuwa bado anasafiri bila kuandika wosia. Kavuo alipiga kinanda, Ananie akaingia na violonseli kwenye wimbo mmoja, na kwaya kubwa ikawafunika wote wawili. Hakuna aliyesikia kitu. Lakini Kavuo alisikia. Ile sauti nene ilipita chini ya waimbaji wote ikamfikia tumboni, na alipofika nyumbani alishindwa kula. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu alikuwa amepiga naye. Si kumsindikiza mtu anayeimba, hapana, kupiga naye.

"Mwalimu, nani alikufundisha?" alimuuliza siku ileile, nje, mbele ya sufuria za wapishi.

"Kaseti, mama," Ananie akajibu, na hakuwa anatania.

Ndani ya sanduku la yule padri kulikuwa na karatasi za sonata moja, iliyotungwa kwa vyombo hivyohivyo viwili na mzungu aliyekufa zamani. Ananie alimtumia Kavuo nakala ya upande wa piano. Na kwa kuwa yeye hakuweza kuiacha shule, na Kavuo hakutaka hata kusikia habari ya barabara, wakaanza kazi ambayo pengine hakuna watu wengine waliowahi kuifanya. Ananie anajifungia chumbani, anapiga upande wake, simu inarekodi, anatuma. Kavuo anaiweka simu juu ya piano, anatia kisikilizio sikio moja, anapiga pamoja na sauti ya Ananie, huku Bénite akirekodi piano kwa simu nyingine. Piano inatumwa Mulekera. Ananie naye anaiweka sikioni, anapiga juu yake, anarekodi upya, anatuma. Na Kavuo tena. Na Ananie tena. Miaka ilipita hivyo, kila wiki mtandao ulipokubali. Wiki nyingine ulikuja ujumbe mmoja tu: "Leo hapana. Risasi." Siku hiyo Kavuo alipiga nyimbo za Bikira Maria akaenda kulala.

Walikuwa na furaha, na tusiwanyime hiyo. Kavuo alikuwa akirudi shuleni na chaki kwenye nywele, anapita ukumbini kabla hata ya kwenda kuwasha makaa. Bénite alikua akibonyeza simu za mama yake. Na ni Bénite, alipofika sekondari, aliyesema siku moja:

"Mama, hii muziki iko inalala."

"Haiko inalala. Iko inakomaa. Enda uoshe masahani."

Msichana akaenda kuosha sahani, ubishi wa nini.

Halafu mambo ya Mulekera yakaharibika kabisa. Kwanza waasi walichoma nyumba za kule mashambani, baadaye nyumba zilizo karibu na mashamba, halafu watu wakaanza kuhesabu mitaa iliyobaki kati yao na moto. Léa, mke wa Ananie, akawa anawachukua watoto jioni kwenda kulala kwenye ukumbi wa kanisa katikati ya mji, asubuhi wanarudi kupika. Mtoto wao mdogo alianza kukojoa akisikia pikipiki tu. Ananie aliyasema haya kwenye simu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei ya maharagwe, na sauti hiyo ndiyo iliyomtisha Kavuo.

Angewachukua kwake? Kwake wapi! Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa imejaa watu wa Lubero waliokimbia vita ya upande ule mwingine. Shangazi alikuwa analala jikoni na kuku. Lakini parokia ilikuwa na kitu. Mwalimu wa muziki wa zamani alikuwa amestaafu na kwenda kwa watoto wake, na nyuma ya shule kulikuwa na nyumba yake ya mabati, tupu, imefungwa. Kazi na nyumba vilikuwa vinaenda pamoja. Kavuo akajifunga kitenge kizuri akaenda kwa Padri Ésaïe, paroko mpya, kijana mwenye moyo mwema na woga mwingi.

Padri alikubali kabla Kavuo hajamaliza. Kisha akakumbuka kwamba ana kamati, na mwenyekiti wa kamati ni Papa Malachie, muuza mabati na misumari, ambaye ndiye aliyeezeka kanisa. Papa Malachie alikuwa na mtu wake: Ariel, kijana mwenye kinanda cha umeme.

"Padri, batu banataka muziki ya kuamsha mutu," Papa Malachie alisema, wote watatu wakiwa wamesimama barazani. "Ariel iko na synthé. Ngoma iko ndani, basse iko ndani, kila kitu iko ndani. Huyu wa Beni ataleta nini?"

"Violoncelle," Kavuo akasema.

"Donc sanduku ya mbao."

"Papa, na kanisa yako iko sanduku ya mabati, mais tunaingiaka!"

Papa Malachie alicheka sana, maana hakuwa mtu mbaya. Padri Ésaïe akaona mlango umefunguka akaupitia haraka. Mwalimu Ananie akuje, akasema, apige pamoja na Mama Bénite, jumapili nyuma ya misa ya pili, comité isikie na masikio yake yenyewe. Kama batu bamependa, kazi ni yake na nyumba ni yake. Papa Malachie akasema sawa, tena mbele ya mashahidi.

Jioni ile Kavuo alimpigia Ananie. Alimweleza habari ya kazi na nyumba.

"Mama Bénite, uko sure?"

"Padri ameniambia na kinywa yake."

Ananie alitoka kwenye simu kidogo, kisha akarudi. "Léa analia," alisema.

"Analia na furaha?"

"Analia tu."

Walipanga Ananie afike ijumaa, wapige pamoja ijumaa na jumamosi yote, ndipo jumapili. Bénite aliandika matangazo kwa kalamu nyekundu akayabandika mpaka sokoni. Kavuo alifungua tumbo la piano, akafukuza panya, akakaza nyuzi kwa ufunguo wa sista uliokuwa umelala ndani ya soksi tangu Lubero. Aliota mchana kweupe. Aliiona familia ile imeshuka na magodoro, Léa anauliza maji yanachotwa wapi, na yeye na Ananie wanapiga kila jioni bila simu, bila waya masikioni, mtu na mtu. Alitaka hivyo mpaka aliona aibu. Akijiuliza kama anaomba nyumba kwa ajili ya watoto au anajiombea mwenyewe, aliomba vyote pamoja.

Alhamisi watu waliuawa mashambani upande wa Beni, wengi. Mashirika ya raia yakatangaza ville morte, siku za mji uliokufa: hakuna duka, hakuna shule, hakuna gari, mpaka serikali isikie. Serikali ikisikia utaambiwa. Ijumaa matairi yaliungua kwenye njia panda zote, Butembo na Beni. Jumamosi vilevile. Kavuo hakuweza hata kulalamika, maana ni nani atakayesimama mbele ya wafiwa aseme mimi nina muziki? Alikaa mbele ya piano, simu juu, akapiga na Ananie wa kwenye simu. Walikwenda vizuri sana. Hakuna walipopishana.

Jumapili, matairi yakiwa yamezimwa na misa ya kwanza ikiwa katikati, pikipiki iliingia uwanjani ikiwa matope matupu. Dereva mbele, Ananie nyuma, na mgongoni kwake kitu kirefu kimeviringishwa blanketi na turubai la plastiki, kimefungwa kamba za mpira. Kando ya barabara, tangu kijiji cha Maboya, wazee walikuwa wamevua kofia walipomwona anapita. Kwenye kizuizi askari alimuuliza kwa Lingala, kwa upole kabisa: "Nani akufi?" Ananie akamjibu kwamba hakuna aliyekufa, ni muziki, na askari akamfungulisha turubai lote kwenye mvua ahakikishe.

Kavuo alipomwona alitaka kumkumbatia, akajizuia, akampa mikono miwili.

"Mwalimu, Mungu amekuleta."

"Na dereva, mama. Tutapiga kidogo kwanza?"

Wapi! Ukumbi ulikuwa umejaa watoto wa katekisimu wakiimba amri za Mungu kwa makofi. Watoto walipotoka, misa ya pili ilikuwa imeanza na Kavuo alitakiwa kanisani kwenye kinanda. Walipata nafasi ya kulinganisha nyuzi za violonseli na piano, basi. Bénite akasugua tope kwenye suruali ya mwalimu kwa kitambaa cha ubao.

Watu walikuja, usiseme hawakuja. Kwaya zote, akina mama wa Legio ya Maria wenye sare, wanafunzi wa Kavuo waliooshwa mpaka kung'aa, kamati nzima mstari wa mbele na Papa Malachie katikati akiwa na kofia yake kwenye goti. Ariel alikaa pembeni na kinanda chake cha umeme ndani ya mfuko, kijana mwenye heshima, akimsaidia Ananie kutafuta kiti kisichoyumba. Padri Ésaïe akatoa maneno ya kukaribisha, marefu kupita yalivyohitajika.

Halafu kimya.

Kwenye simu, sauti ya mwenzako inaanza yenyewe. Unabonyeza, unasikia mkwaruzo, muziki unakuja, nawe unaingia. Sasa Kavuo alikaa na vidole juu ya vibao akimtazama Ananie. Ananie alikaa na upinde juu ya nyuzi akimtazama Kavuo. Hakuna aliyebonyeza. Mtu akakohoa. Mwishowe Padri Ésaïe, akidhani wanangoja ruhusa yake, akainamisha kichwa kidogo kuwaruhusu, na wote wawili wakaanza kwa kichwa cha padri.

Mwanzo ulikuwa mzuri! Tuseme ukweli, ulikuwa mzuri mno. Ile sauti nene iliingia ukumbini, kina mama wa Legio wakanyanyua macho, na Kavuo akahisi vilevile tumboni, kama siku ya zile sufuria. Akafurahi, na katika furaha hiyo akamwachia Ananie nafasi ndogo ya kupumua ili aingie yeye kwanza, kama alivyowaachia waimbaji maisha yake yote. Ananie naye, kwa adabu ileile, akamwachia yeye. Kwenye simu adabu hiyo haikuwa na hatari, sababu simu haimngoji mtu. Unaweza kuifuata mpaka mwisho nayo itakufikisha. Hapa kila mmoja alisimama mlangoni akimwambia mwenzake pita wewe. Pita wewe. Hapana, pita wewe.

Kavuo aliona muziki unazama. Aliona, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Akafikiri: Ananie amechoka na njia, nisimkimbize. Akapunguza tena. Ananie alifikiri: mama anaogopa watu, nimsubiri. Akapunguza naye. Walifika sehemu ya katikati, ile ya pole, ambayo hata kwenye karatasi ni ya pole, na hapo noti zikaanza kuanguka moja moja, kama matone ya bomba bovu. Ananie alivuta upinde mpaka mwisho wake, ule uzi wa samaki ukalia peke yake, ukaisha. Kavuo alingoja avute mwingine. Ananie alingoja piano.

"Imeisha?" mtoto mmoja akauliza kwa sauti.

Na watu, kwa wema, wakapiga makofi. Walidhani imeisha kweli. Walipiga makofi mazuri ya kanisani, ya kumshukuru mgeni aliyetoka mbali. Kavuo aligeuza kichwa kumwambia Ananie kwa macho, tuendelee, hii ni nusu tu, twende. Lakini Ananie alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameweka mkono kifuani na ameinama mbele ya watu, na hakuinuka haraka. Kavuo alibaki na vidole vyake juu ya vibao.

"Aksanti sana," Papa Malachie alisema baada ya makofi, bila kejeli yoyote. "Muziki ya matanga, iko muzuri kabisa. Siku ya kilio tutakuita, mwalimu." Kisha akamgeukia Ariel. Ariel akaunganisha waya, akabonyeza kitufe kimoja, ngoma ikaanza yenyewe, na haikumngoja mtu yeyote. Kabla ya ubeti wa pili kina mama wa Legio walikuwa wamesimama wanacheza. Nani wa kuwalaumu? Walikuwa wametoka kwenye siku mbili za mji uliokufa.

Kamati haikukaa hata kikao. Padri Ésaïe alikuja nyuma ya ukumbi kuwaambia, akitazama viatu vyake. Bénite alikuwa amewaletea bugali na sombe ya majani ya muhogo, na hakuna aliyegusa.

"Mama Bénite," Ananie alisema padri alipoondoka, "nilikuwa nakungojea."

"Mwalimu, mi njo nilikuwa nakungojea weye!"

Walitazamana. Bénite, aliyekuwa amesimama na jagi la maji, akaliweka chini, akatoa simu yake, akatafuta ndani sana. Alikuwa ametunza zile za kwanza kabisa, za alipokuwa mtoto. Akabonyeza. Sonata ikatoka ikikimbia, ya furaha, nyepesi, violonseli ya Ananie kijana ikishuka mbio na wala haitazami nyuma. Kisha akabonyeza ya wiki iliyopita. Haikuhitaji maelezo. Kila mmoja alikuwa amemfuata mwenzake kwa pumzi moja nyuma, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, na pumzi hizo zilikuwa zimelundikana mpaka zikaua muziki, nao wakauita kukomaa.

Kavuo alilia hapo, waziwazi, kamasi na yote. Alijitukana kwa Kinande cha kwao, maneno ambayo Bénite hakujua mama yake anayajua. Alisema ni yeye, ni yeye aliyeizika nyumba ya watoto wa watu kwa adabu za masista. Ananie akasema hapana, ni wote wawili. Kavuo akamwomba warudi ndani, wapige tena, sasa hivi, yeye ataongoza, ataenda mbio, atamwita Papa Malachie kwa nguvu! Lakini ukumbini Ariel alikuwa bado anapiga na sadaka ilikuwa inachangwa, na dereva wa pikipiki alikuwa anapuliza honi. Alitaka kuipita Maboya jua likiwa bado juu.

Ananie alisimama. Akaiviringisha violonseli ndani ya blanketi polepole, kisha akaacha kamba mkononi.

"Mama Bénite, muniwekee hii hapa."

"Sababu ya nini?"

"Siku tutakimbia, niko na mikono mbili. Batoto iko mbili. Léa anabeba sufuria."

Kavuo akaenda mwenyewe kwa Papa Malachie na kumwambia. Na Papa Malachie, nasema tena hakuwa mtu mbaya, akakubali palepale. Kitu cha padri marehemu, mali ya Kanisa, kisichomwe na waasi! Akatoa ufunguo mfukoni. Iwekwe kwenye ile nyumba ya nyuma ya shule, pakavu, mabati mapya. Ariel haihitaji, anakaa kwa wazazi wake mjini.

Kavuo alimtazama kwanza bila kuelewa. "Kama nyumba iko wazi, Papa, umupe mwalimu na batoto yake!"

"Mama, nyumba inaenda na kazi." Papa Malachie alisema kwa sauti ya chini, akiumia kweli. "Nikifungulia mumoja sababu ya kukimbia, kesho Mulekera yote iko hapa. Nitamufungia nani? Uniambie, nitamufungia nani?"

Kavuo akaupokea ufunguo, akarudi kwa Ananie na violonseli. Wakaibeba wote wawili, Ananie upande wa shingo, Kavuo upande wa chini, wakapita uwanjani, na watu wakawapisha. Wakailaza ndani, ukutani, mbali na dirisha. Ananie aliangalia dari, akagusa ukuta kwa kiganja kuona kama una unyevu. Haukuwa nao. Akasema nyumba ni nzuri. Akampa Kavuo mikono miwili, akapanda pikipiki bila mzigo, na dereva akaondoka kasi kwa sababu sasa walikuwa wepesi.

Kesho yake, kabla ya kengele ya shule, Kavuo alifungua ile nyumba kuangalia chombo. Kilikuwa salama. Alisimama katikati ya chumba na, bila kutaka, akaanza kupanga: kitanda cha Léa na mwalimu pale penye dirisha, watoto hapa upande wa joto, makaa karibu na mlango. Vyote viliingia. Hata nafasi ya mtu kukaa na kupiga violonseli ilibaki. Alirudi mlangoni akavua viatu, akapangusa matope aliyoyaingiza, kisha akafunga kwa ufunguo.